Mume wa, Baba wa

Siku Wahome aliponiuza nilikuwa nimeketi kando yake, kikombe cha chai mkononi, nikitabasamu. Hilo la kutabasamu ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtu akikuuza ukiwa haupo, angalau unaweza kujidanganya kwamba ungekuwepo ungepiga meza, ungemwaga chai, ungesema neno. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimevaa blauzi yangu nzuri, nimekunja miguu kwa adabu kama bibi harusi, na nilinyamaza.

Wanaonijua watashangaa, maana kunyamaza si kipaji changu. Mama husema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Mimi na Wahome tulikuwa na kampuni ya kutengeneza tovuti, chumba kimoja juu ya duka la nguo za harusi karibu na Accra Road, na mdomo wangu ulikuwa umeshatufukuzia wateja kadhaa. Mmoja wao, mwalimu mkuu wa shule ya binafsi, nilimwambia kwamba nembo ya shule yake inafanana na ile ya kwenye pakiti ya dawa ya panya. Ilifanana kweli, lakini alikuwa ameichora mkewe. Tukishuka ngazi bila kazi siku hiyo, Wahome hakunigombeza. Alisema tu kwamba kuanzia sasa tutakuwa na mdomo mmoja.

Sheria hiyo hakuitoa hewani. Wahome ni mtu wa Waithaka, wa zile familia ambazo mashamba ya babu yao yamegeuka nyumba za kupangisha, na mjomba wake ndiye msemaji wa ukoo. Kukiwa na mahari ya kujadiliwa, mjomba ndiye anayetangulia mbele, na Wahome amefuatana naye tangu alipoota ndevu. Katika mazungumzo hayo kila upande una msemaji mmoja. Wengine wote, hata wakiwa maprofesa, kazi yao ni kula na kutikisa kichwa. Ukisikia msemaji wenu anapotea njia, humkatizi mbele ya wenyeji. Unamgusa goti, yeye anaomba ruhusa, mnatoka nje, mnagombana huko kando ya magari mpaka mtosheke, kisha mnarudi ndani na neno moja. Hata kwetu Ukambani, siku ya kupeleka mbuzi wa mahari, mambo huenda vivyo hivyo. Na msemaji akiguswa goti hakatai. Sijawahi kusikia aliyekataa.

Basi tukaichukua desturi hiyo tukaipeleka kwa wateja. Wahome akawa mdomo, mimi nikawa mikono. Nikisikia ameahidi jambo lisilowezekana, namgusa goti, naye anasema kwa upole kwamba tunaomba kutoka kidogo tushauriane. Wateja waliipenda sana. Waliona hawa ni vijana waliolelewa. Hawakujua kwamba huko nje, kati ya magari, nilikuwa namsomea Wahome kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo, na kwamba karibu kila mara tulirudi ndani na neno langu.

Kazi ya Mama Shiru ilikuja wakati huo. Mama Shiru ana kiwanda cha kuchapisha, pale mjini chini, kwenye vile vichochoro vya River Road ambako mashine hazinyamazi. Anachapisha programu za mazishi: vile vitabu vya karatasi ya kung'aa, picha ya marehemu mbele, wasifu ndani, nyimbo nyuma. Alikuwa ameona kwamba siku hizi watu wanatangaziana vifo kwa simu kabla hata ya kwenda redioni, akataka tovuti ambamo familia itaweka tangazo la kifo, ratiba ya mazishi na kumbukumbu za kila mwaka. Hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata.

Kila tovuti huanza na swali moja, na mimi na Wahome tulikuwa tumeligombania mpaka meza ikajua. Kuna mfumo wa tayari. Unaupakua, unachagua rangi, unabandika picha, na jioni mteja anaandika habari zake mwenyewe kwenye kisanduku cheupe, kama anayeandika ujumbe wa simu. Na kuna kujenga mwenyewe kwa fremuweki, ambayo ni kama mbao zilizokwisha kukatwa na kupimwa: nyumba bado huioni, lakini milango utaiweka unapotaka wewe. Wahome alipenda mfumo wa tayari kwa sababu huisha haraka. Mimi ni mtu wa fremuweki, na kwa wateja wengine nilikubali kushindwa. Kwa Mama Shiru sikutaka kushindwa, na Wahome alijua ni kwa nini, kwa sababu nilikuwa nimemweleza kwa kinywa changu mwenyewe, nikilia, tukila githeri kibandani.

Baba yangu, Mutinda, alikuwa na nyumba mbili, na sisemi nyumba za mawe. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Syokau, kule Kangundo, na watoto wake Muindi na Nzula. Ya pili ilikuwa ya mama yangu, Kaluki, aliyekuwa mpiga taipu wa serikali, hapa mtaani Jamhuri, na mtoto wake ni mimi peke yangu. Baba aliugua akiwa kwetu. Mama ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko, ndiye aliyemfumba macho hospitalini. Lakini watu wa Kangundo ndio waliokwenda redioni. Tulisikia tangazo tukiwa mezani: mume wa Syokau, baba wa Muindi na Nzula. Wakataja mashemeji, wakataja wajukuu, wakamtaja hata binamu aliye Kanada, halafu wakaweka wimbo. Mama aliendelea kukatakata mboga ambayo ilikuwa imeshakatwa.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na ngoma ile iliwambwa Kangundo. Kwenye mazishi tuliketishwa katika hema la majirani, na mama akaletewa soda kama mgeni aliyetoka mbali. Mchungaji hakutuangalia. Tangu siku hiyo mama hajawahi kusema lolote juu ya tangazo lile, lakini kila likisomwa tangazo la kifo redioni, la mtu yeyote, anasimama na kuizima. Mimi nikaapa kwamba nikipata nafasi nitatengeneza kitu ambacho hakiwezi kumwacha mtu nje.

Nafasi ilikuwa hiyo. Karibu mwaka mzima, kabla na baada ya kazi nyingine, nilijenga. Nilizungumza na wazee wa Kikamba na wa Kikikuyu, na wajane, na wasomaji wa matangazo, nikajifunza nani hutajwa kabla ya nani na kwa nini. Mfumo wangu ulimwuliza mfiwa juu ya wazazi, kisha juu ya nyumba. Uliuliza kama kuna nyumba nyingine, halafu ukazunguka kidogo ukauliza tena kwa njia nyingine, kama mama mkwe. Kila nyumba ilipata mstari wake, na tangazo halikutoka mpaka mtu mmoja wa kila nyumba athibitishe kwa simu yake. Kitu kama hicho huwezi kukining'iniza juu ya mfumo wa tayari. Wahome alikiona kikikua. Siku moja alisimama nyuma yangu akatazama kioo muda mrefu, akaniambia, "Wavi, hii lazima tuijenge." Niliyaamini maneno hayo kama mtoto.

Tulikwenda Kitisuru, nyumbani kwa Mama Shiru, asubuhi ya Jumamosi, kwa gari la Wahome. Njiani tulirudia. Nilimwuliza kama ni fremuweki, akasema ni fremuweki. Nilimwuliza kama ataeleza ile sehemu ya nyumba mbili, akasema ataieleza vizuri. Alikuwa anaendesha kwa mikono miwili, macho mbele, jambo ambalo si kawaida yake, lakini nilidhani ni wasiwasi wa kazi kubwa.

Mama Shiru alitupokea mwenyewe mlangoni. Ni mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Tukaketi sebuleni, madirisha yakitazama ua wa nyasi ambao ungetosha uwanja wa shule, tukaletewa chai na viazi vitamu. Akasema amefurahi kutuona, kwamba watu wake huja pale kiwandani wakilia, wengine wametoka mochari wakati huohuo, na anataka kitu kitakachowasaidia. Kisha akamgeukia Wahome, kwa sababu alishajua desturi yetu, akamwambia aseme.

"Mama, kwa maoni yetu," Wahome akasema, "hakuna haja ya kuchimba msingi na kuna nyumba tayari iko na maji na stima. Tutatumia mfumo wa tayari. Watu wako wataingia, waandike tangazo lao, watoke. Ndani ya wiki uko hewani."

Mwanzoni nilidhani sijasikia vizuri. Nikadhani anaeleza njia mbaya kwanza ili aje kuipindua, maana wasemaji hufanya hivyo. Akaendelea. Akataja rangi. Akataja jinsi picha zitakavyokaa. Hapo ndipo nilipomgusa goti.

Hakusogea. Nikamgusa tena, safari hii nikamfinya, nikahisi mfupa. Alichukua kipande cha kiazi akala. Mama Shiru alikuwa ananitazama kwa upole, labda akidhani nina haja ya kwenda msalani. Nikavunja sheria kwa mara ya kwanza, kidogo tu, kwa sauti ya chini, nikasema kwamba tunaomba ruhusa tutoke nje mara moja.

"Hakuna haja ya kutoka," Wahome akasema bila kunitazama. "Tumeelewana."

Na mimi nikatabasamu. Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini, na jibu ni la aibu: adabu. Nilikuwa katika nyumba ya watu, mdomo wetu ulikuwa umesema, na kitu fulani ndani yangu, cha zamani kuliko kompyuta, kiliniambia kwamba kumkana msemaji wenu mbele ya wenyeji ni kuuvua ukoo nguo. Hakuna mtu mwingine duniani anayeingia mkutanoni na sheria kama hiyo. Mzungu angekohoa, akasema hakubaliani, akarudi kwenye kahawa yake. Mimi nilikaa pale nikijiona niko upande wa wazee, kumbe mimi ndiye niliyekuwa mbuzi.

Kisha Mama Shiru, bila ubaya wowote, akachukua tableti yake kutoka kwenye kochi. Akasema kwamba ameipenda sana, kwamba ameshaanza hata kuizoea, na kwamba jana dadake aliyeko Nyeri ameifungua akaisifu. Akanisogezea nione. Tovuti ya majaribio ilikuwa tayari. Rangi ya zambarau, picha ya mshumaa, na chini yake maneno ambayo niliyajua moja kwa moja, kwa sababu yalikuwa yangu: mume wa, baba wa, mwana wa, kaka wa, mkwe wa, kwa mpangilio uleule niliofundishwa na wale wazee. Wahome alikuwa ameyaweka juu kama mfano wa kufuata. Chini yake kulikuwa na kisanduku kimoja kikubwa cheupe.

Nilimrudishia tableti kwa mikono miwili. Nikamwambia ni nzuri.

Tulipotoka, Wahome alitaka kufungua mlango wa gari nikasimama mbele yake. Askari wa getini alikuwa anatutazama, na mbwa wa Mama Shiru pia, na sikujali. Nilimwuliza alianza lini. Akasema kabla ya Pasaka. Kabla ya Pasaka ni wakati ule aliposimama nyuma yangu akaniambia lazima tuijenge. Nikamwuliza ni kwa nini, basi, hakuniambia, na ni kwa nini amenikatalia kutoka nje mbele ya watu, jambo ambalo hata mjomba wake hawezi kulifanya.

"Kwa sababu tukitoka wewe hushinda," akasema. "Kila saa, Wavi. Tunatoka na neno langu, tunarudi na lako. Hii moja nilijua niko right, na bado ungenishinda."

Hapo ndipo aliponieleza mengine. Kumbe alikuwa ameujaribu mfumo wangu. Alikuwa ameupeleka kwa familia moja, wateja wa Mama Shiru, wakiwa wamesimama nje ya mochari na jeneza halijanunuliwa. Ulipowauliza kama kuna nyumba nyingine, mjane aliinuka akaenda kusimama peke yake. Ulipouliza mara ya pili, wana wawili wa marehemu walianza kutupiana maneno. Ulipotaka mtu wa nyumba ile nyingine athibitishe, yule mkubwa alimrudishia Wahome simu, akamwambia hawakuja pale kuhojiwa, na wakaenda kwa mchapishaji anayetazamana na Mama Shiru. Mama Shiru aliambiwa. Alimwambia Wahome amtafutie kitu ambacho mtu anaweza kukijaza huku analia, ama aache.

"Sikuweza kukwambia," Wahome akasema. "Nilijua hiyo kitu ni ya nini. Nilikuonea huruma."

Niseme ukweli: angenitukana ningesamehe mapema. Angeniambia ameona mlango wa kutokea akautumia, kwamba amechoka nami, kwamba Mama Shiru amempa ahadi tamu, ningemwita mwizi na tungemalizana. Lakini alikuwa ameniangalia nikifanya kazi miezi yote hiyo, akijua haitatumika, akiniletea chai. Aliniachia niendelee kama unavyomwachia mgonjwa apange safari. Nilimwambia huruma yake angewapelekea wafiwa, mimi sijafiwa na mtu. Lakini sauti yangu ilikuwa imeshaanza kuvunjika, na askari wa getini akajifanya anakagua kufuli.

Niliteremka kwa miguu mpaka barabara kubwa. Wahome alinifuata polepole na gari, kioo kikiwa kimeshushwa, akiniita, mpaka gari la nyuma likampigia honi.

Sikurudi ofisini isipokuwa kuchukua kompyuta yangu. Kikulacho ki nguoni mwako: methali hiyo niliiandikia insha darasa la saba nikapata alama nzuri, na sikujua maana yake mpaka nilipokuwa nabeba waya zangu kwenye mfuko wa sukari, Wahome akinishikilia mlango. Aliniuliza kama ninahitaji msaada. Nilihamia chumba changu cha zamani kwa mama, Jamhuri, nikawa nafanya vibarua vya watu huku na huku, na muda uliobaki niliendelea kuujenga mfumo wangu. Haukuwa na mteja. Niliujenga kwa hasira, na hasira ni mafuta mazuri. Nilirekebisha yale maswali, nikayafanya mapole zaidi, nikaufanya usimsumbue mjane. Nilitaka siku moja niuweke mbele ya Mama Shiru bila Wahome kusema neno.

Wakati huohuo ile tovuti ya zambarau ilishamiri. Kila asubuhi niliifungua nikitumaini imeharibika, na kila asubuhi ilikuwa nzima. Watu waliandika pale kwa Kiswahili, kwa Kikamba, kwa Kikikuyu, wakakosea herufi, wakaweka picha zilizopinda, na chini yake jamaa walioko Qatar waliandika pole. Sikuweza kusema haiwasaidii. Nilikuwa nasoma matangazo yale kama mwalimu anayetafuta makosa: huyu nani hajatajwa, hii nyumba iko wapi. Mama alinikuta nikifanya hivyo mara nyingi. Alikuwa akitazama kioo juu ya bega langu, halafu anakwenda zake jikoni.

Mama nilikuwa nimemweleza yote. Namwita mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu, na mwaitu alinisikiliza akipembua mchele, akasema kwamba huyo kijana amekosa, lakini ana heshima. Nilikasirika sana kwa hilo la heshima. Nilimwambia asimtaje tena Wahome katika nyumba hii, naye akasema nyumba hii ni yake, hivyo tukamaliza.

Jumapili moja alirudi kutoka kanisani, hakuvua hata kofia, akaja akaketi kwenye kitanda changu. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu baba alipokuwa hai. Alikuwa ameshika simu kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa.

"Angalia," akasema. "Nimemweka babako."

Ilikuwa tovuti ya zambarau. Tangazo la kumbukumbu. Picha ni ile ambayo baba amesimama pale maonyesho ya Jamhuri Park akiwa na koti la kijivu, akicheka na mtu ambaye amekatwa nje ya picha. Mama akaniambia kwamba alikwenda mwenyewe mjini siku ya Alhamisi, kwa Mama Shiru, na kwamba Wahome alikuwa pale, akamletea kiti, akamwonyesha namna ya kuandika, akamsubiri mpaka akamaliza. Alisema kwamba ilikuwa rahisi kuliko taipureta. Mama yangu mwenyewe alikuwa amepita mlango wa chumba changu, ambamo kulikuwa na mfumo mzima niliomjengea yeye, akaenda kwa Wahome.

Nikasoma. Tunakukumbuka, Mutinda. Mume mpendwa wa Kaluki. Baba wa Wavinya. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Chini yake wanawake wa kanisani walikuwa wameshaandika amina.

Nilisoma tena kutoka juu, nikidhani nimeruka mstari.

"Mwaitu," nikasema, "na Syokau?"

"Syokau amefanya nini?"

"Hayuko hapa. Muindi na Nzula pia hawako."

Alichukua simu, akaitazama kwa makini kama anayetafuta kosa la chapa. Kisha akanirudishia. "Hakuna mahali iliniuliza," akasema.

Nikamwuliza kama Wahome hakumwambia kitu. Wahome alizijua nyumba zote mbili, kwa majina, kwa sababu ni mimi niliyemwambia. Mama akasema kwamba alimwuliza, mara moja, kwa adabu, kama hayo ndiyo majina yote. Naye akamwambia ndiyo. Na Wahome akabonyeza.

Sikujua nimkasirikie nani kwanza. Wahome, aliyesimama pale akijua na akanyamaza, safari hii kwa ajili ya mama yangu. Au mama, aliyeketishwa katika hema la majirani, akaujua uchungu wake kuliko mtu yeyote ninayemjua, na alipopewa kalamu akaandika vilevile walivyomwandikia. Nzula tulicheza naye likizo moja, tukiwa wadogo, kabla wakubwa hawajatukataza. Nilimwona akilini mwangu, mahali fulani Kangundo, ameshika simu, akitelezesha kidole juu, kisha chini, akimtafuta baba yake, kisha jina lake mwenyewe.

Mama alikuwa ananitazama. Kile kitu usoni mwake kilikuwa kimeanza kufifia, na akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kuwa mwema, "Kama unataka kuwaweka, weka. Inabadilishwa tu hapo. Wewe ndio unajua hizi vitu."

Aliniwekea simu kwenye goti. Kisanduku kilikuwa wazi, mshale ukiwakawaka baada ya jina langu. Ilikuwa kazi ya maneno machache. Hakuna nyumba ambayo ingeombwa ithibitishe, hakuna mtu ambaye angenizuia, na nilikuwa nimetumia zaidi ya mwaka mzima wa maisha yangu kusema kwamba hivi ndivyo inavyopaswa kufanywa. Niliweka kidole juu ya kioo. Nikasoma tena: Baba wa Wavinya. Sikuwa nimewahi kuyaona maneno hayo yameandikwa mahali popote.

Nikamrudishia mama simu yake. Nikamwambia picha imetoka vizuri.